Chumvi ya Yustina: Safari Yangu ya Songea

Niliondoka Namtumbo kwa sababu ya mwiko. Tangu presha ya macho inipofushe, mkwe wangu Yustina alininyang'anya kwa upendo kila nilichoshika: mwiko, ufagio, hata kikombe. Nilitandikiwa mkeka barazani, nikakaa kama mgonjwa asiyeumwa. Nyumba ilijaa watu, na mimi nilikuwa mpweke. Niliposikia kwamba mjini Songea wasioona wanafundishwa kazi za nyumbani, nilimwambia mwanangu Gaudensi anipeleke.

Asubuhi tulipanda lori la tumbaku, tukakaa mbele na dereva. Bega langu lilimgusa, lakini alimwuliza Gaudensi, "Huyu mama anashuka wapi?" Vilima nilivijua kwa mngurumo wa injini, madaraja kwa mbao zilizogongana chini yetu.

Songea ilinipokea kwa redio za maduka mapya na wauza mitumba wakinadi. Kwenye kituo cha mafunzo cha wasioona, Gaudensi aliaga akaondoka. Mwalimu, binti aitwaye Skola, alinishika mkono.

"Shikamoo, mama. Hapa hatukupikii. Utaungua kidogo, utajifunza."

Nilimpenda palepale. Alinifundisha kusikiliza maji yanapochemka, kutafuta ukingo wa sufuria kwa mwiko kabla ya kutia unga, na kumimina chumvi kiganjani kwanza. Vidole viliungua kweli.

Jumapili, baada ya misa, wenzangu walitembelewa na ndugu zao. Mimi nilikaa kitandani nikisikiliza salamu za watu wengine. Nilimkasirikia Yustina, maana ndiye niliyetamani aje. Nililia, kisha nikanawa uso nikaenda kumenya viazi.

Mafunzo yalipokwisha nilirudi Namtumbo, na jioni hiyohiyo nikatangaza kwamba napika mimi.

"Mama, majirani watanisema! Watasema nakutesa," Yustina alilalamika.

"Waambie nimekufukuza jikoni."

Alisogea hadi mlangoni tu, nilimsikia akipumua. Nilisonga ugali, nikapika majani ya maboga kwa karanga, chumvi nikaipima kiganjani. Kisha nilikwenda uani kunawa. Chakula kile kikiharibika, ningerudishwa mkekani, na safari hii nisingekuwa na la kujitetea.

Tulikaa kula. Gaudensi alionja mboga, akakohoa.

"Aa, Mama! Mbona chumvi tupu? Kesho upunguze."

Kisha Yustina akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi niliweka, Mama, ulipokwenda kunawa. Nilidhani umesahau."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Tangu nipofuke, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kunilaumu kwa lolote. Walinihurumia tu, na huruma ile ndiyo iliyoniacha peke yangu. Hilo ndilo nililojifunza, na nililifahamu nikiwa nimeshakwenda Songea na kurudi.

Yustina aliendelea kuomba radhi. Hata sikumsikiliza. Gaudensi alikuwa amesema, "Kesho upunguze."