Sahani ya Sita kwenye Gemu ya Bogumila

Bogumila alikuwa na kazi ambayo ukimwambia bibi yako atajua unamtania: kutunga mwisho wa dunia. Ofisi yao ni vyumba viwili hapo Katowice, mji wa machimbo ya makaa ya mawe, juu ya duka la vifungo, na gemu yenyewe stori yake iko hivi. Ni mkesha wa Krismasi, watu wako mezani, mara vumbi la kijivu linapanda kutoka kwenye machimbo ya makaa, dunia inakatika hapo hapo, vijiko mkononi. Miaka tisa baadaye wewe mchezaji ni tarishi. Una mkoba wa barua, unapita nyumba hadi nyumba kutafuta hata mtu mmoja wa kumkabidhi.

Nyumba ya mwisho Bogumila aliichora mwenyewe. Lilikuwa jiko la mama yake. Mama alifariki mwezi wa tatu, fleti ikarudi kwa manispaa, wakaingia watu wengine. Bogumila hakulia. Jumatatu alirudi kazini akachora kigae kimoja kimoja, kama mtu anayemenya viazi.

Sasa gemu ikapelekwa Brazili ijaribiwe.

"Bi Mwisho wa Dunia, hebu njoo," Irek, bosi wake, akamwita asubuhi moja. "Wabrazili wanabomoa nyumba yako."

"Kwa nini?"

"Mezani maiti watano, sahani sita. Wanamtafuta wa sita. Kuna jamaa amegonga kuta saa nne nzima."

"Hiyo ni ya mgeni."

"Mgeni gani?"

"We Irek, kwenu mkesha hamuwekagi sahani ya mtu asiyealikwa?"

"Tunaweka. Na tangu nizaliwe hajawahi kuja mtu." Irek akakuna ndevu. "Sikia, mchezaji akiona kitu kimezidi anajua ni fumbo. Toa sahani, au nakata nyumba nzima, gemu iishie kwenye stesheni ya treni inayotangulia. Nijibu kabla ya chakula cha mchana."

Bogumila akakaa, akaigusa sahani kwenye skrini. Kuifuta ni kubonyeza mara moja tu. Lakini mama hakuwahi kukaa mezani bila ile sahani, hata ule mwaka walipokula viazi vitupu. Ukiitoa, hilo linakuwa jiko la mtu yeyote.

Hakuifuta. Akasogeza kiti mbele ya hiyo sahani, akaweka kitufe kimoja kilichoandikwa "Kaa". Ukikibonyeza, tarishi anatua mkoba, anakaa, na gemu inaishia hapo.

Irek akaja kujaribu. Akabonyeza. Tarishi akakaa mbele ya sahani ya sita, katikati ya wafu.

"Halafu?"

"Basi."

"Hamna hata zawadi?"

"Umekaribishwa, unataka na zawadi?"

Irek akainamia skrini, akaikagua meza kitu kimoja kimoja.

"Umesahau uma," akasema.

"Nini?"

"Mgeni atakula samaki wa mkesha na nini, vidole? Weka uma, tuitume hivyo hivyo."

Nyumba ikabaki. Bogumila akachora uma, akauweka kushoto, upande aliokuwa anauweka mama. Akasubiri kidogo, labda sasa machozi yatakuja. Hayakuja. Alichosikia ni njaa, akashuka mtaani kununua mkate.