Orodha ya Getini

Mama Sabuni, kama wauguzi walivyombandika jina, alikuwa amepiga deki hospitalini miaka tisa. Shule aliiachia darasa la nne, na Kiingereza alikiokota ukutani, neno hapa neno pale. Aliloliogopa kuliko yote liliandikwa kwa rangi nyekundu mlangoni pa majeruhi: CASUALTY. Hapo ndipo alipofuta damu ya watu kila siku.

Asubuhi moja, saa nne hivi, kishindo kilitikisa madirisha ya wodi.

"Tangi la mvuke limepasuka kiwandani!" muuguzi alipaza sauti.

Mumewe alikuwa huko, akibeba magunia. Mama Sabuni alitupa dekio, akatoka mbio, ndara moja mguuni, nyingine sijui wapi.

Kwenye geti la kiwanda watu walisongamana mbele ya karatasi iliyobandikwa ukutani. Akapenya kwa viwiko. Juu palikuwa na herufi kubwa: CASUALS. Sita za mwanzo alizijua kama vidole vyake. Jina la mumewe lilikuwa la tatu.

Akamkwida mlinzi.

"Mmempeleka wapi? Niambie, baba, usinifiche!"

"Nani, mama?"

"Huyu wa tatu! Si mmemwandika na majeruhi?"

Mlinzi akaitazama karatasi. "Hawa ni vibarua, mama. Ndiyo maana ya 'casuals'. Ni wote walioingia zamu ya leo. Majeruhi bado hatujawaandika."

Bado! Neno hilo lilimkata maini kuliko la kwanza. Akasimama pale juani, meno yakigongana kama mwenye homa. Kila machela ilipotoka aliinama kutazama miguu, kwa kuwa nyuso zilifunikwa. Ya kwanza, siye. Ya pili, siye. Akamshukuru Mungu, kisha akaona haya, maana mwanamke aliyesimama kando yake aliangua kilio.

Vibarua wazima walitolewa mwisho, kwa mlango wa nyuma. Mumewe akatokea kwenye kona ya ukuta, mweupe kwa vumbi, nyusi zimeungua.

"Mke wangu, mbona hupo kazini?"

Alimpiga ngumi mbili za kifua, akalishika shati lake, na hakuliachia njia nzima, wala nyumbani mumewe alipotaka kulivua akaoge.