Mechi ya Ubingwa kwenye Idi ya Nusu Timu

Nilikwenda Birmingham kwa sababu mdogo wangu Salum alinipigia simu akaniambia klabu yake iko karibu kuvunjika. Mimi ni fundi wa springi za malori hapa Tanga. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo nina gereji na nyumba mbili, kwa hiyo mtu asinifundishe namna ya kuunga kilichokatika. Nikakata tiketi.

Mwaka ule, 2004, watu wetu wa kule walicheza ligi yao kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na klabu ya Wakenya wa bara, ya Waganda, ya Wakongo, na hii ya Salum ya watu wa pwani, Unguja na Mombasa pamoja. Ligi ilipokwisha, watu wa pwani na Wakongo walikuwa wamelingana kila kitu, ikabaki mechi moja ya kuamua bingwa. Beki Juma, mkubwa wa wale wa Mombasa, alikuwa ameshatamka: tukishindwa, sisi tunakwenda kuunda klabu yetu.

Alhamisi asubuhi nilishuka kwenye ndege. Salum alinisubiri na koti mkononi.

"Kaka, vaa kabla hujatoka nje."

"Mimi baridi hainifanyi kitu."

Nikatoka nje. Nikalivaa. Tukaenda kwake Acocks Green, mtaa wa nyumba zilizoshikana kama mabehewa. Ramadhani ilikuwa inamalizika. Mimi sikufunga siku zile, ni ruhusa ya msafiri, na niliitumia bila haya.

Ijumaa jioni, baada ya futari, timu nzima ilikusanyika sebuleni kwa Salum. Hapo ndipo nilipojua alichokifanya mdogo wangu. Alikubali mechi ichezwe Jumamosi, akiamini Idi itakuwa Jumapili kwa watu wote. Hebu fikiria! Lini sisi tumewahi kukubaliana mwezi? Simu zikaanza kulia.

"Kesho Idi," Juma akasema. "Mwezi ushatangazwa Maka."

"Basi wa Maka wale," akajibu Hafidh, mshambuliaji kutoka Unguja, ambaye mabao mengi ya klabu ile ni yake. "Miye kesho nimefunga."

"Kufunga siku ya Idi ni haramu, bwana!"

"Na kula Ramadhani mchana, jee?"

Uwanja ulishakodiwa, Wakongo walishajiandaa, siku haisogezwi. Wakanigeukia mimi. "Mzee, wasemaje?"

Nikawaambia, "Mimi fundi wa springi. Ya mwezi kamuulizeni shehe. Ya mechi niulizeni mimi."

Wachezaji walikuwa kumi na sita: tisa wanakula Idi, saba watafunga. Katika ligi ile mchezaji aliruhusiwa kutoka na kurudi. Nikapanga pale pale, bila karatasi. Walioshiba waanze wote tisa, wajaziwe na wawili waliofunga. Kipindi cha pili waingie waliofunga, wamalizie mechi tukiwa mbele tayari. Mwenye chakula tumboni ana nguvu, nani atabisha? Hawakubisha.

Jumamosi, saa nane na nusu mchana, tulikuwa uwanjani upande wa Moseley, majani yameloa. Refa alikuwa Bwana Pritam, singasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye karakana ya vyuma Hockley. Akanishika mkono.

"Karibu, mzee. Umetuletea jua?"

"Nimeleta ubingwa."

Sikujua watu wangu tisa wametoka kusali wakapita nyumba nne, na kila nyumba pilau. Walikimbia kama wamebeba magunia. Dakika ya ishirini Juma aliinama nyuma ya goli akatapika. Mapumziko yalipofika, Wakongo wana mabao mawili, sisi hatuna kitu.

"Kaka," Salum akaninong'oneza, "umepanga timu ya wajawazito."

Hafidh alikuwa anafunga kamba za viatu. "Tuingie sasa, mzee, au tuwangoje hawa wapate usingizi?"

Nikasema, "Nimekosea. Ingieni." Neno hilo la kwanza sikumbuki lini nililisema gerejini kwangu.

Wakaingia wote saba, wepesi kama mbayuwayu, pamoja na wanne waliobaki na pumzi. Hafidh akatia moja kwa kichwa, dakika kumi baadaye akatia la pili. Wakongo wakaanza kucheza ngumu. Mpira ukielekea kwisha, mmoja akamkwatua ndani ya boksi. Penalti. Hafidh akauweka mpira chini, midomo imemkauka.

Kule Novemba Maghribi huingia saa kumi na robo, wakati kwetu watu wanatoka Alasiri. Salum alitazama saa yake akapaza sauti, "Maghribi!"

Bwana Pritam akainua mkono. "Waliofunga wafungue. Nasimamisha saa."

Nahodha wa Wakongo, jitu refu lenye sauti nzito, naye akasema, "Kula kwanza, papa. Siye hatupigake muntu wa njaa."

Juma alikuwa ameketi pembeni, amejifunika koti. Akatoka mbio, tende mkononi na chupa ya maji, mpaka kwa Hafidh. Hawakuwa wamesemezana tangu jana.

"Haya, shika."

"Mwezi wako umekubali?" Hafidh akamuuliza.

"Kula, bwana, usinichokoze."

Hafidh akala tende moja, akanywa, akafuta mdomo. Akapiga chini, kulia. Golikipa akaruka kushoto. Matatu kwa mawili, na filimbi ikalia.

Jumapili ilikuwa Idi ya wale wengine. Adhuhuri tuko mezani kwa Salum, mlango ukagongwa: Juma na wenzake wa Mombasa, wamebeba sufuria ya biriani.

"Nyie si mlisali jana?" Hafidh akawauliza.

"Kusali tulisali. Kula bado."

Salum akaleta fomu ya msimu mpya. Juma akaivuta kwake, akaandika jina lake juu kabisa, la kwanza, halafu akampa Hafidh kalamu.

Jumatano nilirudi Tanga. Gerejini wananiuliza niliwaunga vipi. Nawaambia kweli: mimi nilipanga vibaya, tukafungwa mawili. Nilichojifunza ni kwamba mtu akitoka kula pilau nyumba nne, usimpe namba. Klabu waliiunga wenyewe, na mimi nilikuwepo, nimevaa koti la mdogo wangu, napiga makofi.