Wanaomnyanyua Mjomba

Nchi hii ina timu ya taifa ya raga. Najua unacheka, hata mie nilichekaga. Nilipowaambia wenzangu darasani kwamba mjomba wangu aliichezea, mmoja akauliza kama raga ndiyo ule mchezo wa kufukuza kuku. Nikamwambia ndiyo, ila kuku mwenyewe ana kilo mia, na anakufukuza yeye.

Mjomba ni kaka yake mama. Alihamia kwetu Goba baada ya kufiwa na mkewe, na ni mrefu kiasi kwamba hakuna mlango wa nyumba yetu ambao haujamgonga paji la uso. Historia nzima ya timu ile ilikuwa kichwani mwake, maana sijawahi kuiona pengine. Mpira wa miguu una redio, una magazeti, una wazee wa kubishana kijiweni mpaka wanatukanana. Raga ilikuwa na mjomba tu, na kochi letu.

Ushindi aliopenda kuusimulia ni wa ugenini. Waliwachapa majirani zetu wa kaskazini nyumbani kwao, mbele ya watu wao, wakarudi na basi wakiimba njia nzima, kila mtu anawaza atasema nini akishikiwa maiki. Walipofika stendi walimkuta mtu mmoja tu: mke wa mwenzao, kafuata ufunguo wa kabati ambao mumewe alisafiri nao.

"Kwa hiyo hamkupokelewa?" nikamuuliza.

"Tulipokelewa," akasema. "Ufunguo ulipokelewa."

Kazi yake uwanjani ilikuwa kurushwa juu. Mpira ukitoka nje, timu mbili zinajipanga mistari miwili, mpira unarushwa katikati, na kila timu inamnyanyua mtu wake audake hewani. Wanaonyanyua ni wawili, mmoja mbele yake na mmoja nyuma. Sasa lazima mpeane habari kwa siri kwamba mpira unakwenda kwa nani, na utasema kwa lugha gani? Kiswahili majirani wanakijua, Kiingereza wanatuzidi. Basi walikuwa wanapiga makofi kwenye paja. Kofi moja, mpira unaishia mbele. Mawili ya haraka, unakwenda nyuma, kwa mjomba.

"Ukisikia mawili humwangalii mtu," aliniambia. "Unaruka. Wao watakuwepo."

Hao wao aliwaita kwa mitaa waliyotoka. Wa Mtoni alikaa mbele, Wa Sinza alikaa nyuma. Wote wawili wameshazikwa, na mjomba alibeba majeneza yao yote mawili.

Mwaka jana akaanza kusahau. Alisahau funguo, akasahau jina la mama, kisha akaanza kumwamkia mama shikamoo, dada yake mdogo. Mama alikuwa anaitikia marahaba vizuri kabisa, halafu anakwenda jikoni kukata vitunguu ambavyo hatukuwa navyo.

Jumapili moja kwaya ya kanisa la jirani walikuwa wanapiga makofi kama wanalipwa. Mjomba akainuka kwenye kochi, akatoka uani, akakunja magoti, akaruka mikono juu. Hapakuwa na wa kumshika. Akatua vibaya, goti likavimba kama papai.

Mama akasema akianguka tena, kaka yao mkubwa aje amchukue ampeleke Songea. "Huko watamfungia chumbani," akasema, "lakini angalau hatavunjika."

Sikutaka aende. Nyumba nzima ile ni mjomba peke yake anayecheka utani wangu. Hata nikiurudia. Hasa nikiurudia, maana kwake kila mara ni mpya.

Tukapiga marufuku makofi. Hata mbu tulikuwa tunawabonyeza ukutani kwa kidole, mmoja mmoja, kama tunapiga kengele ya geti. Haikusaidia. Mjomba akawa anakaa kichwa kimeelekea pagale la jirani, nyumba iliyoishia kwenye lenta tangu sijaanza shule, anasikiliza kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Mama akaona asisubiri mpaka aanguke tena, akampigia kaka yao, wakakubaliana aje wiki ile ile.

Siku ya pili yake nilikuwa barazani na rafiki yangu, jirani yetu, tunasoma wote kidato cha tatu. Mchana, jua la kupasua kichwa. Umeme umekatika, kwa hiyo hakuna redio ya mtu inayopiga singeli. Mama kaenda dukani. Hata kuku wamenyamaza.

Pa-pa.

Makofi mawili, ya kiganja kwenye nyama, kutoka ndani ya pagale.

"Acha ufala," nikamwambia rafiki yangu.

"Nimepigaje, mwana? Nimeshika chungwa."

Nikaenda kuchungulia dirishani. Majani, matofali, mbuzi mmoja. Mbuzi hakuniangalia mie. Alikuwa anaangalia kona tupu, anarudi kinyumenyume taratibu, kama sie tunavyompisha mwalimu mwenye fimbo.

Nilipogeuka, mjomba alikuwa katikati ya ua, magoti yamekunjwa.

"Mbona mnachelewa?" akasema. Macho yake yalipita juu ya vichwa vyetu, yakakaa usawa wa watu warefu.

"Tumkalishe," rafiki yangu akanong'ona.

"Mkalishe wewe, mwili wote ule?"

Pa-pa. Safari hii hayakutoka kwenye pagale. Yalipigwa pale pale uani, karibu na sikio langu, na nilihisi kaupepo kake.

Mjomba alishatufundisha zamani, kwa mzaha, pa kushika. Nikapiga goti mbele yake, rafiki yangu akarukia nyuma yake, na mjomba akaondoka ardhini. Nataka hili lieleweke: vidole vyangu vilikuwa havijambana bado. Alikuwa ameshapanda, kilo zote zile, mie nimeshika suruali tu. Rafiki yangu alikuwa ananitazama katikati ya miguu ya mjomba, mdomo wazi, mikono yake iko hewani haijagusa kitu.

Juu kule viganja vya mjomba vikajifumba. Tukasikia mpira ukidakwa. Kisha akashuka, polepole, kama ndoo inayoshushwa na mtu asiyetaka kumwaga maji, akakanyaga chini kwa miguu yote miwili. Alikuwa anacheka.

Mama alikuwa amesimama getini na mfuko wa unga. Sijui aliingia saa ngapi. Alimpapasa mjomba magoti, akampapasa mgongo. Akakaa ngazini, akatoa simu.

"Usije, kaka," akasema. "Hapana, hajaanguka. Karuka, wamemshusha vizuri. Atakaa hapa hapa, ana watu wa kumshika."

Upande wa pili sauti ikapanda, hata sie tukaisikia: watu gani, wangapi?

Mama akainua macho. Akaanza kuhesabu kwa kidole. Rafiki yangu. Mie. Kisha kidole kikaenda mbele ya mjomba, kikatua, kikazunguka nyuma yake, kikatua tena.

"Wanne," akasema.

Rafiki yangu aliokota ndala zake akaondoka bila kuaga. Basi, wa kumshika tukabaki watatu.