Tuna Ng'ombe Tetu, Tumeletewa Maziwa ya Mkebe

Leo nimekunywa strungi, chai bila maziwa, na mama mkwe wangu anafuga ng'ombe wa maziwa.

Wacha niwaambie.

Kila Jumamosi Cucu, mama ya bwanangu, hutuletea mtungi wa maziwa kutoka kwake Tetu hadi hapa mjini Ruring'u. Leo amekuja na mkebe. Maziwa ya unga, ati ya watoto waliopita mwaka mmoja!

"Jirani ameniambia watoto wa town hukunywa hii," akasema. "Nimeuza maziwa yangu yote ndio niinunue."

Jameni!

Wambui wangu ana mwaka na nusu. Anakula ugali na sukuma kama sisi. Nesi wa kliniki aliniambia juzi tu: kwa umri huu maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa yanamtosha, mkebe si lazima.

Nikamweleza Cucu polepole, kwa heshima.

"Kwani mjukuu wangu hafai kupewa kitu kizuri?"

 

Nikakoroga kikombe. Wambui akaonja, akatema, akaenda kupekua kiondo cha Cucu akitafuta mtungi wake.

Nikageuza mkebe nisome umetengenezwa na nini. Cha kwanza kabisa: maziwa ya ng'ombe.

Nikamsomea Cucu. Akauchukua mkebe, akautazama.

"Ng'ombe ya nani?"