Ndama wa Kidirisha cha Mwisho

Kitabu cha hadithi cha darasa letu kilinuka moshi. Kilikuwa kimelala karibu kila nyumba upande wetu wa Kisaju, na kila nyumba ilikuwa imekiachia kidogo cha moshi wake, pamoja na mafuta ya mikono na tone la chai hapa na pale. Ukikifungua, harufu ilikufikia kabla ya picha. Kilikuwa kimoja tu, nasi tulikuwa arobaini na kitu, kwa hiyo Mwalimu Mwende, mama wa Kikamba aliyetupenda kwa ukali, aliweka utaratibu: Ijumaa mtoto mmoja anakibeba nyumbani, Jumatatu anakirudisha. Siku kitakaporudi kimeharibika, alisema, hakitatoka tena kabatini. Zamu yangu ilipofika, watoto tisa walikuwa bado wanangoja yao, na rafiki yangu Sempeyo ndiye aliyenifuata.

Maneno ya kitabu yalikuwa machache. Ndama amepotea, mwenyewe anamtafuta. Kazi yote ilifanywa na karatasi: kila ukurasa ulikuwa na kidirisha kilichogundishwa upande mmoja, nawe ulikifunua uone kama ndama yuko nyuma ya kichaka, ndani ya boma au kando ya kisima. Kwenye ukingo wa kila kidirisha palikatwa nusu duara ya kutosha kidole kimoja, hivyo hata asiyejua kusoma alijua aguse wapi. Siku hizi najua kuwa kuna mtu aliyeketi mezani akaipima nusu duara ile. Wakati huo niliona ni uchawi mtupu.

Zamu yangu iliangukia kiangazi. Baba alikuwa amehamisha ng'ombe hadi karibu na Rombo kutafuta majani, na boma lilikuwa kimya kiasi cha kuudhi. Aliyeumia zaidi ni bibi yangu, ambaye sote tulimwita Koko. Alizoea kuwatazama ng'ombe wakirudi jioni, mmoja mmoja. Sasa alikaa mlangoni akitazama vumbi. Nilimpa kitabu ili nimchangamshe, nikaanza kumsomea kwa madaha, lakini hakunisikiliza. Hakuwahi kushika kitabu maishani mwake. Alimtazama ndama wa ukurasa wa kwanza kwa muda mrefu, kisha akafunua vidirisha kimoja kimoja, taratibu, kama anayeingia nyumba ya watu. Kwenye kile cha mwisho, mahali ambapo sisi darasani tulipiga makofi, yeye alikunja uso.

"Huyu si yule," alisema. "Aliyepotea ana mguu mmoja mweupe, wa nyuma. Huyu ni wa wenyewe."

Nikaangalia. Kweli kabisa. Mchoraji alikumbuka baka la kwenye paji la uso, mguu akausahau. Nilimweleza Koko kwamba ni kitabu tu, hadithi imeisha, ndama amepatikana. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amelea mjinga. Jumamosi nzima, na Jumapili baada ya kanisa, aliendelea kumtafuta, akifunua na kufunika, akichungulia hadi nyuma ya jalada. Sikumkataza, kwa sababu alikuwa akicheka peke yake, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu ng'ombe waondoke. Jumapili alasiri kidirisha cha mwisho kilibaki mkononi mwake.

Jumatatu nilikwenda shule kwa woga. Sikuogopa kiboko peke yake. Niliogopa macho ya Sempeyo. Nilimkabidhi mwalimu kitabu na kile kipande, nikamwambia ukweli wote, pamoja na habari ya mguu. Alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akarudi wa kwanza. Alikuwa ametusomea hadithi ile mara nyingi mno bila kuuona mguu ule. Akakiinua kitabu darasa zima lione, akauliza kama kuna mwingine aliyejua kwamba ndama ni wawili. Mkono mmoja ukapanda, ukafuata wa pili, na hatimaye karibu yote, isipokuwa ya watoto wa mwenye duka, ambao kwao hapakuwa na ng'ombe.

"Na mbona mlinyamaza?"

Sempeyo ndiye aliyejibu. "Tulifikiria kwa kitabu ndio iko hivyo, Mwalimu."

Mwalimu alitutazama, na naapa macho yake yalilowa. Kisha akatafuta gundi na makaratasi, akatuambia kila mmoja amchore ndama aliyepotea. Picha iliyopendeza zaidi ikabandikwa juu ya yule wa wenyewe, na kidirisha kikarudishwa mahali pake. Ijumaa hiyo Sempeyo alikibeba kitabu nyumbani.

Leo kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu vya watoto, hapa Kitengela. Najua kidole cha mtoto hufika wapi, najua kuchomozesha mkia wa mnyama kwenye ukingo wa ukurasa ili ageuze kwa hamu. Mwezi uliopita nilileta nyumbani sampuli ya kitabu cha ng'ombe, na kwa makusudi nikambadilisha mnyama wa mwisho ili nimpime binti yangu, mwenye umri niliokuwa nao mimi wakati ule. Alifunua vidirisha vyote kwa ustadi, akafurahi. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia, akaniuliza bila utani wowote, "Kwani Mum, ng'ombe si wote wanafanana?"

Roho iliniuma, na si kwa ajili yake. Nawatengenezea watoto wa watu kurasa za kuwafanya waangalie, na wangu, mwenye miaka minane, sijawahi kumsimamisha mbele ya ng'ombe mmoja nikamwambia huyu ni nani.