Nilifungwa kwa Gongo Waliyokunywa Wao

Admin, jina langu lifiche, watoto wangu wana heshima zao. Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, naishi Heru Juu, Kasulu. Nimewahi kufungwa jela, na leo nalisema mwenyewe.

Miaka ya sabini, tulipokwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, nilikuwa napika gongo. Sikatai. Pipa na bomba alileta mume wangu, na chupa ya kwanza alionja yeye. Mteja wetu mkubwa alikuwa mmoja wa wazee wa baraza wa mahakama ya mwanzo, mtu wa koti na kofia, anapitia mlango wa nyuma asionekane.

Siku mgambo walipotuvamia, mume wangu alitorokea dirishani. Nikapelekwa peke yangu. Kufika mahakamani, nani kakaa kando ya hakimu? Mteja wangu, macho bado mekundu! Akasema, "Wanawake wa namna hii ndio wanaotuharibia kijiji."

Nikamuuliza, "Mzee, juzi ulikunywa ya nani?"

Watu wakacheka, hakimu akanifokea. Mume wangu alipoitwa na kuulizwa, akaapa kabisa: "Mheshimiwa, mimi mtu wa shamba, mambo ya jikoni siyajui." Nikala miezi sita.

Jela nililima, nililala sakafuni, yakaisha. Ya nyumbani hayakuisha. Niliporudi mume ameshaoa, akanizuia mlangoni: "Siwezi kuchanganya watoto wangu na mfungwa." Kwaya ya kanisani niliyoimba ikanitoa. Jirani niliyemsaidia kujifungua akawa anahesabu kuku wake kila nikipita. Kuiba sijawahi, lakini ukishatiwa hatiani mara moja, kila kinachopotea kijijini umekichukua wewe.

Na yule mzee wa baraza? Hata wiki haikupita, huyo nyuma ya kibanda alichonipa mama yangu. Akanisalimu kwa Kiha, "Mwakeye, mwanangu. Hujaanza tena kupika?" Nilimmwagia maji niliyooshea maharage, akaondoka anapangusa koti. Na kesho yake akaenda kuhukumu wengine.

Watoto wangu wanne walinifuata mmoja mmoja, mke mpya alipochoka kuwalisha. Nimewalea kwa muhogo na jembe.

Sasa yule baba yao kazeeka, mguu mmoja hauna nguvu, mke wake kaenda kwa ndugu zake Kibondo na harudi. Juzi wanangu wakamleta kwa bodaboda, eti aje kunisalimia. Nikadhani ataomba radhi. Akakaa kwenye kiti changu, akakohoa, akasema mbele yao, "Mama watoto, yale ya jela mimi nilishakusamehe. Nitengenezee chumba."

Amenisamehe! Yeye! Mimi!

Wanangu wanalia kwamba ni baba yao, nisimtupe uzeeni. Chumba kipo, huruma ndiyo naitafuta siioni. Hivi sasa yuko sebuleni anaulizia chai. Ninyi mnaosoma, semeni bila kunionea haya: nimtandikie kitanda, au nimwitie bodaboda?